Kesho Msije, Tuna Mgeni

Maktaba hufa kwa njia nyingi. Nyingine huliwa na mchwa, nyingine huvujiwa na paa mpaka vitabu vikaota ukungu, nyingine hunyimwa bajeti mwaka hadi mwaka, zikakata roho zenyewe bila mtu kushtuka. Ile ya Mama Nyoosha haikupatwa na lolote kati ya hayo. Ilifungwa kwa sababu ilikuwa safi, na aliyeisafisha ni yeye. Usicheke kwanza. Yeye mwenyewe kicheko kimemkauka tangu hapo, na alikuwa mtu wa kucheka, ingawa wasomaji wake wengi wasingeamini.

Jina la Mama Nyoosha alipewa na wasomaji, nyuma ya mgongo wake. Alikuwa na kawaida ya kupita kati ya meza, mikono kaifunga nyuma, na kila alipokuta kiti kimekaa upande alisema, "Nyoosha." Gazeti limekunjwa ovyo: "Nyoosha." Mtu kalalia kitabu: "Nyoosha mgongo, hapa si gesti." Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Mume alikuwa naye zamani, wakashindwana bila ugomvi, kila mmoja akashika njia yake. Umama aliupata mle ndani, tena umama wa watu wazima, wengine wakimzidi mvi.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu, chini ya jengo la manispaa, kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Malori yalishusha saruji tangu asubuhi na vumbi lake likapenya kila mahali. Mtu mwingine angesalimu amri. Mama Nyoosha alifika kabla ya msaidizi wake, akajifunga kitambaa kichwani, akalowesha dasta, akaanza na rafu ya dirishani mpaka ya mwisho kabisa, kule kwenye vitabu vya sheria ambavyo hata mawakili hawakuvigusa. Kisha alichukua rula ya mbao, akaipitisha kwenye migongo ya vitabu ili vyote visimame sawa na ukingo wa rafu, vikubwa kwa vidogo. Hapo ndipo roho yake ilipotulia. Ule muda mfupi kabla ya kufungua mlango, sakafu bado ina unyevu na viti vimesimama kwa adabu, aliupenda kuliko saa nyingine zote. Akilini mwake hiyo ndiyo ilikuwa maktaba. Waliofuata baada ya hapo, yaani watu, walikuwa kazi.

Na watu walikuja. Wa kwanza mlangoni alikuwa mlinzi wa usiku wa ghala la mabati lililokuwa jirani. Alitoka lindoni na sare yake, macho mekundu, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kona chini ya feni. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, aliyeacha shule mapema kwa sababu ambazo hakupenda kuzieleza, na sasa alikuwa akijisomea ili afanye mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nyumbani walikuwa na chumba kimoja, na ndani yake hapakuwa na pa kuweka hata daftari bila mtu kulikalia. Alisoma hesabu huku midomo ikicheza, na swali likimshinda alijipiga kofi la paja, pa, mpaka watu wakageuka.

"Wewe," Mama Nyoosha alimwambia, "hesabu haziko pajani."

Baada yake aliingia fundi cherehani, mwanamke mcheshi, mtoto mgongoni na chaki nyuma ya sikio, aliyekuja kunakili mishono kutoka kitabu kimoja kikubwa cha mitindo ya nguo. Alichora kwenye karatasi za kufungia bidhaa, akazikata palepale mezani, na vipande vikabaki sakafuni kama kuku kachinjwa hapo. Alikuwepo pia mzee wa magazeti, karani mstaafu, aliyesoma kila gazeti kuanzia matangazo ya vifo kurudi mbele, kisha akasinzia nalo usoni. Na wale vijana watafuta kazi, waliokuja kutazama mifano ya barua za maombi na kubishana kwa minong'ono iliyosikika mpaka barabarani.

Karibu wote hao hawakuwahi kuazima hata kitabu kimoja. Kuazima kulitaka mdhamini mwenye ajira inayojulikana, na mtu wa kumdhamini mlinzi wa ghala unamtoa wapi? Basi walisomea palepale, wakarudisha kitabu mahali pake kama walivyofundishwa, wakaenda zao. Hapakuwa na muhuri uliogongwa kwa ajili yao. Ukitaka kujua kwamba watu hao wapo, ilibidi uwaone kwa macho yako.

Mama Nyoosha aliwapenda, hilo tusimnyime. Mlinzi alipokwama kwenye hesabu za sehemu, yeye ndiye aliyemtafutia kitabu chepesi zaidi, akakiweka mezani kwake bila neno, kama mtu aliyekisahau. Mtoto wa fundi alipolia, alimchukua yeye, akazunguka naye nyuma ya kaunta akimnong'oneza kwamba hapa hatupigi kelele, bwana mdogo. Lakini aliwapenda namna watu wanavyowapenda watoto watundu, yaani zaidi wakiwa wamelala, au wameondoka.

Huo ulikuwa urithi. Mama yake mzazi alikuwa na sebule ndogo yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na hakuna mtoto aliyekalia viti vile mpaka alipoolewa. Mgeni akitarajiwa, mama alipiga deki, akafunua vitambaa akavifunika upya, kisha akawapeleka wanawe wote kwa jirani. "Mgeni asikute fujo," alisema. Mgeni akaja, akaisifia nyumba, akaondoka, na watoto wakarudishwa kula kilichobaki. Mama Nyoosha na mdogo wake wa kike walikua wakijua hivyo, kwamba nyumba ya kumwonyesha mgeni ni ile isiyo na watoto ndani. Mdogo mtu aliasi mapema. Kwake yeye wageni walikalia midoli na penseli, na bado walirudi. Dada mtu hakuasi. Alipopata sebule yake, tena kubwa, ya serikali, yenye rafu ukuta mzima, aliiendesha vilevile.

Siku moja simu ikapigwa kutoka manispaa. Afisa mipango angepita kesho yake asubuhi kuiangalia maktaba. Hawakusema anakuja kuangalia nini, na yeye hakuuliza. Angeuliza angeonekana ana wasiwasi, na mtu mwenye rafu kama zake wasiwasi wa nini?

Wasiwasi ulikuwepo lakini. Minong'ono ilikuwa imezagaa kwamba ofisi za manispaa zimebanana, watumishi wanakaliana mapajani, na kwamba wakubwa wanatafuta vyumba. Maktaba ndogondogo zingepimwa moja moja, ya kubaki ibaki na ya kufungwa ifungwe. Mama Nyoosha alilijua hilo fika, na moyoni aliapa kwamba yake haitafungwa. Aliweka simu chini, akamwita msaidizi wake, mwanamke mdogo kwake kwa umri na kwa cheo.

"Dada," msaidizi akasema baada ya kusikiliza, "huyu si anakuja kwa yale mambo ya kufunga?"

"Ndiyo maana atatukuta tumejipanga."

"Mimi naona labda wanataka kuona watu."

"Watu wa nini? Anakuja kukagua maktaba, haji harusini."

"Lakini dada, akikuta hamna mtu..."

"Amkute yule wa kona anajichapa mapaja? Amkute mzee anakoroma? Akute nepi juu ya kamusi?"

Nepi juu ya kamusi ilikuwa imetokea kweli, mara moja tu, na haikusahaulika. Msaidizi akainua mikono. Bosi wake akishakata shauri ndiyo basi tena, hata ulete trekta humng'oi.

Jioni, kabla ya kufunga, Mama Nyoosha alipita meza kwa meza. Kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu anyooshe chochote. Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, "Kesho msije, tuna mgeni. Njooni keshokutwa."

Mzee wa magazeti aliteremsha gazeti. "Na gazeti la kesho je?"

"Utalisoma keshokutwa. Habari hazichachi."

Fundi akacheka, akasema yeye mtoto wake atamfunga mdomo kwa uzi ikibidi, ila ana gauni la bibi harusi linamsubiri na hajamaliza kunakili mikono yake. Mama Nyoosha akatingisha kichwa. Vijana watafuta kazi walikusanya karatasi zao bila kubisha. Walishazoea kuambiwa warudi siku nyingine.

Mlinzi ndiye aliyesimama. "Hata sisi wa kona, mama? Sitaongea. Nitakaa kimya kabisa, hata hesabu sitafanya, nitasoma historia."

"Hata nyinyi wa kona," akajibu. "Siku moja tu, jamani. Nisaidieni."

Kusikia Mama Nyoosha anaomba msaada, mlinzi alinywea. "Basi sawa mama. Kwa sababu yako." Akarudisha kitabu mahali pake, akasukuma kiti chini ya meza, akakinyoosha.

Kesho yake maktaba ilipendeza kuliko siku zote za uhai wake. Walianza kabla jua halijatoa kichwa vizuri, yeye na msaidizi. Madirisha ya upande wa barabara yalifungwa na mapazia yakateremshwa, vumbi lisithubutu. Magazeti yalining'inizwa kwenye vijiti vyake yakiwa hayajafunguliwa. Feni ilifutwa panga kwa panga. Mama Nyoosha alipita na rula mara ya mwisho, akasimama nyuma ya kaunta, akashusha pumzi. Laiti mama yake angekuwa hai aone!

Afisa mipango alikuwa mwanamume kijana, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alisalimia vizuri, akazunguka kati ya rafu, akapitisha kidole juu ya vitabu, akakitazama kidole. Mama Nyoosha alijiuma ndani ya shavu asitabasamu. Kisha afisa akavuta kiti kwenye meza ya kona, akakaa. Akakaa sana. Akatazama mlango, akatazama saa, akatazama mlango tena. Mama Nyoosha aliona mgeni anafaidi utulivu. Maskini, huko kwao ofisini watu wanakaliana, acha apumzike.

"Siku zote huwa hivi, mama?" afisa aliuliza mwishowe.

"Siku zote, baba," akajibu kwa fahari. "Hapa hatupendi fujo."

Afisa akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilihofia. Alipoaga alimpa mkono. "Hongera, mama. Sijawahi kuona jengo lililotunzwa namna hii."

Siku hiyo Mama Nyoosha alirudi nyumbani kichwa juu. Alikuwa akiishi na yule mdogo wake, mjane mwenye mdomo mwepesi, aliyekuwa na duka dogo la vifaa vya shule barazani. Alimsimulia yote wakinywa chai: kidole cha mgeni, pongezi za mgeni, namna mgeni alivyokaa asitake kuondoka.

"Na watu wako walikuwepo?" mdogo mtu akauliza.

"Niliwapa likizo."

Mdogo mtu aliacha kukoroga chai, akamtazama. "Kama mama," akasema.

Mama Nyoosha akacheka, akalipokea neno hilo kama sifa. Siku hizi akilikumbuka anajua halikuwa sifa.

Wasomaji walirudi siku iliyofuata, kama walivyoambiwa, wakamkuta mchangamfu kupita kawaida. Alimruhusu hata mlinzi kujipiga paja mara mbili bila neno. Mambo yakaendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Halafu Ijumaa moja akaitwa manispaa. Alivaa gauni lake zuri, la bluu, kwa sababu alidhani anaitwa kupongezwa.

Afisa mipango alimkaribisha kiti na maji. Alizungukazunguka, akaongea habari za joto, kisha akalitua. Jengo limetunzwa vizuri mno, alisema, na kwa kuwa halitumiki, manispaa imeamua kuhamishia pale ofisi ya vibali vya biashara. Vitabu vitapelekwa bohari. Yeye mwenyewe atapangiwa kazi masjala, hatapoteza kitu.

"Halitumiki?" Mama Nyoosha alisema. "Nani kasema halitumiki?"

"Nilikuja mwenyewe, mama. Siku ya kazi, asubuhi kweupe. Nilikaa nikingoja aingie hata mtu mmoja. Nilitamani aingie, nakwambia kweli."

"Watu wapo! Wanajaa! Siku ile niliwaambia wasije."

Afisa alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko ukali. "Mama, mtu gani anafukuza watu siku anayokuja mkaguzi? Nilikuuliza kama huwa hivi siku zote. Ukasema siku zote."

Angesema nini? Kwamba alidhani anasifiwa? Kwamba alimficha mlinzi, fundi, mzee na vijana wale kama mtu anavyoficha vyombo vichafu chini ya meza? Akajikaza. Akaomba afisa aje tena, hata Jumatatu, hata leo, atawakuta. Afisa akasema laiti angeambiwa mapema. Sasa limepita kwenye kikao, limesainiwa, mafundi wa kugawa vyumba kwa mbao wanaingia kesho. Alisema pole mara nyingi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo halikumsaidia Mama Nyoosha, maana angekuwa mbaya, angalau angepata wa kumchukia.

Jumatatu mlango ulikuwa na kufuli jipya na tangazo fupi lililoomba radhi. Lori lilipakia vitabu bila mpangilio wowote, sheria juu ya mapishi, na msaidizi ndiye aliyesimamia, kwa sababu bosi wake alijifungia chumbani na kusema ana homa. Hakwenda masjala pia. Aliomba kustaafu kabla ya wakati wake, akapewa.

Lakini kinachomkata maini mpaka leo si kufuli wala lori. Ni kwamba hakwenda kusimama pale mlangoni Jumatatu ile. Wangekuja, alijua, mlinzi wa kwanza, na wangesoma tangazo lisiloeleza kitu. Alipaswa kuwepo awaambie kwa mdomo wake kilichotokea na nani aliyekifanya. Hakuweza. Aibu ilimshika miguu. Akajiambia ataenda kesho, na kesho yake akajiambia hivyohivyo, mpaka mtaa ule wa saruji ukawa mahali asipokanyaga kabisa. Akihitaji kwenda upande ule, alizunguka mbali, hata kwenye jua kali, na mdogo wake hakumuuliza kwa nini viatu vyake vinaisha upande.

Nyumbani alibadilika. Alianza kuwaacha watoto wa majirani wasome barazani, kati ya maboksi ya madaftari ya mdogo wake, wamwage wino, wabishane. Akiona kiti kimekaa upande alikiacha. Mdogo mtu aliona yote hayo, akayanyamazia, yeye ambaye hakuwahi kunyamazia jambo.

Zaidi ya mwaka ukapita hivyo. Kisha duka likataka kibali kipya, na mdogo mtu mguu ulikuwa umevimba, hawezi kusimama foleni. "Dada, kwa mara moja tu," akasema. "Hapakuli pale."

Akaenda. Alitembea macho chini, akijiambia kwamba akimaliza haraka hataona kitu. Getini, maana sasa palikuwa na geti, mlinzi wa mchana alikuwa akiandika namba za magari. Mama Nyoosha alikuwa ameshampita aliposikia, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu bila kugeuka.

"Mama Nyoosha!"

Jina lile hakuwahi kuitwa usoni. Akageuka. Mtu wa kona ndiye huyo, kavaa sare mpya, kakonda kidogo, kashika mdomo kwa mkono kwa aibu ya jina lililomponyoka.

"Utusamehe mama, ndivyo tulivyokuwa tunakuita."

"Nilijua," akasema, ingawa hakujua. "Umehamia huku?"

"Niliomba lindo hili mwenyewe. Nimezoea jengo."

Mama Nyoosha aliuliza lile ambalo alikuwa akilikwepa tangu Jumatatu ile. "Na mtihani?"

"Sikufanya, mama." Alilisema upesi. "Nilijaribu kusomea nyumbani, watoto wakachana kitabu. Nikajaribu kituo cha mabasi, kelele. Siku ya kujiandikisha ikanipita. Sasa nimemwachia mkubwa wangu, atafanya yeye." Kisha, kama mtu anayetaka kumfariji mwenziwe, akampa habari za wengine. Fundi yupo, anashona mishono ileile ya zamani, wateja wanaanza kumkimbia. Vijana wametawanyika. Mzee wa magazeti alikuwa akija hapa, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri vibali, mpaka wakamwuliza ana shida gani, akasema hana, wakamtoa. Hajaonekana siku nyingi.

Mama Nyoosha alisikiliza yote. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Alikuwa hata akitamani kulaumiwa. Lakini mlinzi alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, sisi tulijua kosa ni letu. Tulizungumza pale mlangoni siku tulipokuta kufuli. Tukasema, mgeni kaambiwa habari zetu. Mimi na makofi yangu, mzee na usingizi wake, mtoto wa fundi. Tumewachosha watu, tukasema. Nilitaka kukuomba radhi siku zote, sikujua unapokaa."

Machozi yalimtoka Mama Nyoosha papo hapo, getini, mbele ya magari. "Usiniombe radhi," akasema. "Nakuomba usiniombe radhi. Hamkukosa kitu. Yule mgeni alikuja kutazama kama kuna watu. Basi. Hakuna lingine alilolitaka. Angewakuta, pangebaki wazi mpaka leo. Mimi ndiye niliyewaficha. Niliona mnachafua."

Mlinzi alimsogelea hatua moja. "Kutukuta tu?"

"Kuwakuta tu."

"Hata bila kusema kitu?"

"Hata mngekuwa mmesinzia wote."

Mlinzi akavaa kofia, akaivua tena. Macho yake yalikwenda ng'ambo ya barabara, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Lakini tulikuja, mama."

"Mlikuja wapi?"

"Siku ile. Tulikuwa pale barazani kwa muuza saruji. Mimi, fundi na mtoto wake, mzee, na wale vijana. Tungekwenda wapi? Tukasema tusubiri mgeni aondoke, labda utafungua. Hatukukwambia tuliporudi, tulikuona umefurahi."

Mama Nyoosha alishika chuma cha geti.

"Hata tulimwona akitoka," mlinzi akaendelea. "Alivuka upande wetu kufuata gari lake. Tulimsalimia, akaitikia vizuri. Akatuuliza kama tunasubiri saruji."

"Mkamwambiaje?"

"Tukamwambia ndiyo, mama. Tuliogopa kukuharibia."